Afrika Kusini: Haki Imeandikwa, Lakini Mlango U Wapi?



Katika ukurasa huu wa Nchi Jirani tumezoea kueleza habari za mishahara, migomo na mikataba ya wenzetu. Safari hii tunaeleza jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Wafanyakazi wa Afrika Kusini wanaopenda watu wa jinsia yao, na wale waliobadili jinsia, hupata wapi msaada wanapofukuzwa kazi, wanapopigwa au wanapougua?

Wapo watakaouliza: jambo hili linahusu nini chama cha wafanyakazi? Jibu letu ni fupi. Mfanyakazi anapofukuzwa si kwa uvivu wala wizi bali kwa maisha yake ya nyumbani, hilo ni shauri la kazi. Tena mwajiri akishaona kuna mfanyakazi mmoja asiye na wa kumtetea, hatakomea kwa huyo mmoja.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 9 cha Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 kinakataza kumbagua mtu kwa rangi, dini, jinsia, na pia kwa sababu ya nani anayempenda. Nchi hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kuweka kinga hiyo ndani ya katiba.

Kinga hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Simon Nkoli alikuwa kijana wa vitongoji vya Transvaal aliyepigana na makaburu. Alikamatwa mwaka 1984, akashitakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake katika kesi maarufu ya Delmas. Humo gerezani aliwaambia wenzake kwamba yeye hupenda wanaume. Baadhi walikasirika, wakahofu kesi yao itachafuka. Lakini walizungumza, wakabaki pamoja. Nkoli alionekana hana hatia mwaka 1988, na mwaka 1990 alikuwa miongoni mwa walioongoza maandamano ya kwanza ya watu hawa mjini Johannesburg. Alifariki mwaka 1998, baada ya kuiona katiba mpya.

Kwa mfanyakazi, sheria iliyo karibu zaidi ni ile ya Uhusiano Kazini ya mwaka 1995. Kifungu cha 187 kinasema kwamba kumfukuza mtu kwa sababu hiyo si halali kabisa, hata awe ameanza kazi jana. Mahakama ya Kazi yaweza kuamuru arudishwe kazini, au alipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 24.

Namna ya kudai, na pale penye mtego

Aliyefukuzwa hupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo huko hujulikana kwa herufi CCMA. Halipi kitu. Hujaza fomu, humpa mwajiri nakala, kisha huifikisha fomu hiyo Tume pamoja na ushahidi kwamba mwajiri amepata nakala yake. Muda ni siku 30 tu tangu siku ya kufukuzwa. Akichelewa, itambidi aombe radhi na kueleza sababu. Hapo msuluhishi huwaita wote wawili. Wasipopatana, shauri huweza kwenda Mahakama ya Kazi.

Sasa tazameni mtego ulipo. Ili adai haki yake, mfanyakazi anatakiwa aeleze kwa maandishi kwa nini anaamini amefukuzwa, na nakala inakwenda kwa mwajiri yule yule. Mazungumzo mbele ya msuluhishi ni ya siri, lakini mahakamani milango iko wazi kwa watu wote. Mtu ambaye baba yake, mchungaji wake na jirani zake hawajui kitu, hana budi kuchagua kati ya kazi yake na siri yake, tena katika siku 30. Wengi huchagua siri. Hukusanya nguo zao, wakaondoka kimya, na mwajiri akaandika kwamba ameacha kazi mwenyewe.

Wala hofu yao si ya bure. Mwaka 2008 Eudy Simelane, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa miguu, alibakwa na kuuawa huko KwaThema, mashariki ya Johannesburg. Alikuwa hafichi kwamba anapenda wanawake. Katiba ilikuwa tayari ina miaka 12.

Vituo vya msaada

Ndiyo maana watu hawa walijitengenezea vituo vyao. Cape Town kuna Triangle Project, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pretoria kuna OUT, kilichoanza mwaka 1994. Vituo vya namna hii hutoa ushauri, huduma za afya na msaada wa sheria, na hukutanisha watu ili mtu ajue kwamba hayuko peke yake. Hili la mwisho halionekani kama huduma, lakini mara nyingi ndilo linalomwezesha mtu kuijaza ile fomu.

Tatizo ni umbali. Tumchukue mfanyakazi wa mashamba ya zabibu ya De Doorns, mahali palipowaka mgomo mkubwa wa mwaka 2012. Kabla ya mgomo ule kima cha chini kilikuwa randi 69 kwa siku. Kutoka hapo mpaka Cape Town ni zaidi ya kilomita 100. Nauli ya kwenda na kurudi, na siku ya kazi iliyopotea, vyatosha kumzuia mtu. Tena vituo vyenyewe havina uhakika. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, zahanati za Engage Men's Health mjini Johannesburg zilifungwa. Msaada unaotegemea mkoba wa mtu wa mbali huondoka na mwenye mkoba.

Ndugu zetu walioko huko

Mgeni naye asidhani kwamba hana haki. Mwaka 2008 Mahakama ya Kazi iliamua kwamba hata asiye na kibali halali cha kufanya kazi ni mfanyakazi, na shauri lake husikilizwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 nayo inamtambua anayeteswa kwao kwa sababu ya nani anayempenda.

Kazi ya chama

Zahanati yaweza kuwa mbali, na wakili yaweza kuwa ghali. Mwakilishi wa chama yuko pale pale shambani au kiwandani, na kiongozi wa chama anaruhusiwa kumsimamia mwanachama mbele ya Tume. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni sisi wenyewe. Ili mlango huo ufunguke, tunaona mambo manne hayana budi kufanyika.

Kwanza, mwakilishi atunze siri. Habari ya mwanachama si mali ya mkutano wala ya klabu ya pombe. Pili, ahesabu zile siku 30 tangu siku ya kwanza. Tatu, amweleze mwanachama mapema ni nani watakaoisoma fomu, kisha amwachie mwenyewe aamue. Nne, awe na anwani za vituo vya mkoa wake, azitoe bila kumuuliza mtu anazitakia nini.

Wapo wanachama wetu ambao dini au mila zao haziwaruhusu kukubaliana na maisha ya mwenzao. Hatuwalazimishi. Wenzake Nkoli pale Delmas nao hawakukubaliana naye wote. Lakini walisimama kizimbani pamoja, na makaburu hawakupata mwanya wa kuwagawa.