Waamuzi Waingiapo Kiwanja cha Gofu kwa Ajili ya Watoto

Tarehe 2 Juni 2010, katika uwanja wa timu ya Detroit Tigers nchini Marekani, mrushaji Armando Galarraga alikuwa amebakiza mtu mmoja tu. Katika besiboli, mrushaji na wenzake hutakiwa kuwatoa wapigaji 27 wa timu pinzani ili kazi yao iishe. Kuwatoa wote 27 mfululizo, bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza, ni sifa ambayo wachezaji wengi mahiri hustaafu bila kuionja. Galarraga alishawatoa 26. Wa 27 akapiga, akatimua mbio, na mpira ukamtangulia kituoni. Mwamuzi Jim Joyce akatandaza mikono: amefika salama. Marudio ya televisheni yakaonyesha kuwa mwamuzi amekosea.

Joyce alipoiona picha hiyo, alimfuata Galarraga na kumwomba radhi huku akilia. Siku iliyofuata walikutana tena uwanjani. Galarraga ndiye aliyepewa kazi ya kumkabidhi Joyce orodha ya wachezaji, na uwanja mzima ukamwona mwamuzi akifuta machozi.

Mkazi wa Nyahanga, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Kahama, huenda hajawahi kuitazama besiboli, lakini haya anayajua. Refa akipuliza penalti dakika za mwisho, maneno hayachelewi: kanunuliwa, haoni, atolewe. Hata Jonesia Rukyaa wa Kagera, mwanamke aliyefika daraja la FIFA na kupewa mechi ya Simba na Yanga, alipita katika njia hiyo hiyo yenye makelele. Mwamuzi ndiye mtu pekee uwanjani asiye na mashabiki.

Ndiyo maana waamuzi wetu wana jambo la kujifunza kwa wenzao wa Marekani. Ligi Kuu ya Besiboli ya nchi hiyo ina waamuzi 76 wa kudumu, wanaosafiri mji hadi mji katika vikundi vya wanne wanne. Mwaka 2006 waamuzi hao walianzisha taasisi yao ya hisani, UMPS CARE Charities. Wanapopita katika miji yenye hospitali za watoto, huingia wodini na vidoli vya dubu. Mtoto anayeumwa huchagua dubu wake na kumvisha nguo anazozipenda, mwamuzi akiwa ameketi kando ya kitanda. Taasisi hiyo pia hutoa tiketi za mechi kwa watoto wa familia zenye uhitaji, na husaidia ada za chuo kwa vijana walioasiliwa wakiwa wameshakuwa wakubwa.

Yote hayo yanataka fedha. Njia mojawapo ya kuzipata ni mashindano ya gofu, ambayo waamuzi wenyewe ndio wenyeji.

Kwa asiyejua gofu: ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie kwenye shimo lenye upana wa milimita 108, na anayetumia mikwaju michache ndiye mshindi. Kiwanja kamili kina mashimo 18. Katika mashindano ya kawaida kila mtu hucheza mpira wake mwenyewe, na mgeni asiyejua huaibika mapema. Mashindano ya hisani hukwepa aibu hiyo. Watu wanne huunda timu moja. Wote wanne hupiga, kisha huchagua mpira uliokaa mahali pazuri zaidi, na wote hupiga tena kutoka hapo. Hivyo mwenye duka ambaye hajawahi kushika fimbo anaweza kucheza bega kwa bega na bingwa, na pengine mkwaju wake mmoja wa bahati ukaiokoa timu.

Tena timu hazingojani. Hutawanywa kwenye mashimo yote 18 na kuanza kwa wakati mmoja. Shimo moja likipewa timu mbili, watu 144 hucheza pamoja na kumaliza karibu saa ile ile, kisha wote hukaa kula na kusikiliza matokeo. Katika kila kikundi wenyeji huweza kumweka mwamuzi mmoja, na wengi hulipa hasa kwa ajili hiyo: kukaa saa nne au tano na mtu ambaye wamezoea kumzomea wakiwa mbali.

Fedha huingia kwa milango kadhaa. Wa kwanza ni ada ya ushiriki. Wa pili ni wafadhili: kampuni hulipia shimo, na bango lake husimama hapo siku nzima. Kuna pia kuuza mikwaju ya marudio, ambapo aliyeharibu hulipa kidogo na kupiga tena. Kuna mnada wa jezi na vifaa vyenye saini za wachezaji. Na kuna zawadi kubwa, mara nyingi gari, kwa atakayeingiza mpira shimoni kwa mkwaju mmoja. Kwa mchezaji wa kawaida bahati hiyo hukadiriwa kuwa mara moja katika majaribio kama 12,500, ndiyo maana waandaaji huikatia bima badala ya kununua gari. Waamuzi hao wameandaa pia siku ya mashimo 100: mchezaji hucheza kuanzia asubuhi mpaka achoke kabisa, na ndugu na marafiki humchangia kwa kila shimo analomaliza.

Je, haya yanawezekana kwenye ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama? Yamekwishawezekana, tena si jana. Tangu mwaka 2002 mgodi wa Geita, GGML, kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, umekuwa ukiandaa changamoto ya Kilimanjaro. Wengine hupanda mlima mpaka kileleni, mita 5,895, wengine huuzunguka kwa baiskeli, na kampuni na watu binafsi huchangia mapambano dhidi ya VVU. Kituo cha kulelea yatima cha Moyo wa Huruma, mjini Geita, ni miongoni mwa waliofaidika. Benki ya CRDB nayo, kwa mbio zake za hisani zilizoanza 2020, imechangia upasuaji wa moyo kwa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Gofu yenyewe si ngeni kabisa katika mkoa ilimo Kahama. Mwadui, mgodi wa almasi zilizogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, uliwahi kuwa na kiwanja chake cha gofu. Leo mwenye kiu ya mchezo huu huenda Arusha, Moshi, au Lugalo jijini Dar es Salaam, kwenye kiwanja cha Jeshi la Wananchi. Besiboli pia ipo nchini, hasa mashuleni: Sekondari ya Azania, Dar es Salaam, ina uwanja uliofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa Japani.

Lakini Kahama isingoje kiwanja cha gofu. Kiwanja cha mashimo 18 hutaka makumi ya hekta na maji mengi, na ardhi na maji vina kazi za haraka zaidi hapa. Kinachofaa kuchukuliwa ni mpango wake. Bonanza la soka la timu za watu saba saba, wenyeji wakiwa waamuzi wa wilaya, linaweza kuendeshwa hivyo hivyo: kila timu ilipe ada, kila goli liwe na mfadhili, kila timu ichezeshe mwamuzi mmoja kama mchezaji wa ndani, na penalti ya marudio iuzwe. Wafadhili hawako mbali. Mgodi wa Buzwagi ulifungwa 2021, ila Bulyanhulu unachimba, na wazabuni wa migodi, wenye mashine za mpunga wa Kagongwa na wafanyabiashara wa mjini ni watu wenye uwezo.

Jambo moja tu linaweza kuua shughuli ya namna hii, nalo ni hesabu. Bonanza linaloingiza milioni 10 na kula milioni 8 kwenye mahema, fulana na chakula cha wageni waalikwa limewasaidia wenye mahema. Mchangiaji ana haki ya kuuliza kiasi kilichomfikia mtoto baada ya gharama zote, na kujibiwa kwa tarakimu. Chakula na fulana vitafutiwe mfadhili wake tangu mwanzo, ili ada yote iende kwa mlengwa.

Basi waamuzi wa Kahama, chagueni wodi moja ya watoto, mwulizeni mganga mfawidhi inahitaji nini hasa, kisha nendeni kwa afisa michezo wa manispaa mkiwa na tarehe mkononi. Na ndani ya wiki moja baada ya bonanza, bandikeni hesabu yote kwenye mbao za matangazo, Nyahanga na kata nyingine zote zilizochanga.