Chaza Mwenye Miiba wa Miamba ya Chaki: Maelezo ya Umbo na Jina Lake

Katika miamba ya chaki ya kusini mwa Uingereza, mathalan Sussex na Kent, huokotwa kisukuku cha chaza ambacho wenye elimu ya visukuku wamezoea kukiita Spondylus spinosus. Makusudi ya makala haya ni kumweleza chaza huyo kwa Kiswahili, kisha kulitazama jina lake, kwani lina jambo ambalo mwanafunzi wa lugha za Kibantu atalitambua upesi kuliko mwanafunzi wa mawe.

Chaza huyu ana makombe mawili yaliyokutana penye bawaba. Kila kombe lina mbavu zitokazo huko bawabani na kutawanyika mpaka ukingoni, mfano wa pepeo lililokunjuliwa. Kombe moja limeota miiba mirefu myembamba, nayo huvunjika upesi, hata vielelezo vingi vimebakiza visiki tu.

Miiba hiyo ilikuwa ya nini? Jamaa zake walio hai, ambao baadhi yao wamo katika matumbawe ya pwani yetu, hujigandisha mwambani kwa kombe la kulia, na miiba yao hushikwa na sifongo na viumbe vinginevyo hata chaza asionekane. Lakini sakafu ya bahari ya chaki, katika Kretasia ya mwisho, kati ya miaka milioni 100 na milioni 66 iliyopita, ilikuwa tope laini la vigamba vya mwani usioonekana kwa macho. Kwa hiyo miiba ya chaza huyu hufasiriwa kuwa ilitandaza uzito wake asizame, kama makuti yatandikwavyo juu ya tope la mikoko ili mtu apite.

Tumemwita chaza kwa kukosa neno jingine. Kwa nasaba, ukoo wa Spondylus haumo katika chaza wa kweli. Alama yake kubwa ni bawaba: kila kombe lina meno mawili yaingiayo katika vishimo vya kombe la pili. Bahati mbaya, tabaka lenye meno hayo ni la aragonaiti, madini ambayo kwa kawaida yameyeyuka katika chaki, na tabaka la nje la kalsaiti ndilo lililosalia. Basi mchunguzi huhukumu nyumba kwa kuta zake, mlango haupo.

Sasa jina. James Sowerby alipomwandika katika mwaka 1814 alimwita Plagiostoma spinosa. Spinosa ni sifa ya Kilatini, maana yake "-enye miiba", nayo sharti ipatane na jina la jenasi kwa jinsia. Stoma ni neno la Kiyunani lisilo la kiume wala la kike, kwa hiyo upatanisho sahihi ungalikuwa spinosum. Alipohamishiwa Spondylus, ambalo ni jina la kiume, sifa ikawa spinosus. Hayo si mageni kwetu: chaza mwenye miiba, kombe lenye miiba, kisukuku chenye miiba. Shina ni moja. Nomino ndiyo itawalayo kiambishi. Jina la Sowerby sasa hutiwa katika mabano, kuonyesha kwamba jenasi si ile aliyoichagua yeye.

Lakini uhamisho huo ulileta matata. Tangu mwaka 1793 Schreibers alikwisha kutoa jina la Spondylus spinosus kwa chaza mwingine, ambaye yu hai hata leo. Sheria ya majina ya wanyama hairuhusu spishi mbili za jenasi moja kuwa na jina moja, na aliyetangulia ndiye mwenye haki. Maadamu wote wawili wamewekwa katika Spondylus, yule wa chaki anatumia jina la mwenziwe, na asomaye jina bila mwandishi na mwaka hawezi kujua ni yupi asemwaye.

Mwandishi wa Kiswahili ana chaguo lake pia. Nimesema "chaza huyu" nilipomtaja mnyama aliyeishi, na "kisukuku" nilipotaja jiwe liokotwalo. Wako watakaopendelea ngeli moja kwa yote mawili. Mimi naona tofauti hiyo ina faida, kwa kuwa miiba ilimfaa mnyama, bali meno yamelipotea jiwe, na kiambishi kimoja chatosha kumwambia msomaji ni lipi linalozungumzwa.