VUMBI LA MASHINI YA MSASA HALIBAKI ATELIE



Fundi mbao hahitaji kuambiwa kwamba msumeno wa umeme unakata vidole. Anaona meno yake, anauogopa. Lakini ponseze, ile mashini ya umeme ya kupigia msasa, inaonekana kitu cha upole: haina meno, inashikwa kwa mkono mmoja. Ndiyo sababu watu wanaidharau. Ubaya wake mkubwa hauko katika chuma, uko katika vumbi.

Ukipiga msasa kwa mkono, vumbi kubwa linaanguka chini. Mashini inazunguka maelfu ya mara kwa dakika moja, inasaga ubao kuwa unga mwembamba unaoelea hewani muda mrefu. Unywele wa mtu una unene wa karibu mikroni 70. Chembe zinazofika ndani ya mapafu hazipiti mikroni 10, na jicho haliwezi kuziona moja moja. Lile vumbi unalojifuta kwenye nyusi si lile linaloshuka kifuani.

Mulombwa na kambala ni mbao nzuri za milango na vitanda, lakini vumbi lake linawasha ngozi, macho na pua, na kwa watu wengine linaleta pumu. Pumu hiyo ina alama yake: kifua kinabana siku za kazi, usiku kikohozi, halafu siku za mapumziko mtu anapumua vizuri. Ukiona hivyo, njoo disipanseri mapema. Tena, tangu mwaka 1995 vumbi la mbao limeandikwa na shirika la kimataifa la utafiti wa kansa kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu, hasa ya pua. Kansa hiyo inatokea baada ya miaka mingi, wakati mtu amekwisha kusahau atelie.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Siku ya Mungu baba anaazima ponseze, analaza mlango wa zamani juu ya viti viwili katikati ya lupango, anaondoa rangi. Watoto wanacheza hapo, na mihogo imeanikwa karibu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo wengi wetu tunayaita plombi. Mtoto mdogo akimeza plombi, mwili wake unaweza kuipokea mara 4 au 5 kuliko mwili wa mtu mzima, na inaharibu ubongo wake. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa hakina hatari. Mtoto hatalia wala hatapata homa siku ile; utaona baadaye kwamba anashindwa masomo, na utamchapa bure.

Rangi usiyojua umri wake usiipige kwa mashini kabisa. Ilowanishe kwa maji, ikwangue kwa mkono juu ya plastiki, watoto wakiwa mbali, kisha kunja plastiki na takataka zake zote. Na maji hayo yakae mbali na kila kitu cha umeme.

Kuna pia desturi mbaya ya kujipuliza nguo kwa mpira wa kompresa mwisho wa kazi. Upepo ule unarudisha vumbi hewani kwa wote, na unaweza kutoboa jicho au sikio. Acheni. Vaa nguo nyingine kabla ya kurudi nyumbani. Mama, salopeti ya kazi usiikung'ute mlangoni: itie majini kwanza, katika beseni yake, mbali na nguo za mtoto.

Mashini yenyewe haidai mengi. Chomoa prizi kabla ya kubadilisha karatasi. Kidole kikigusa kitufe kwa bahati mbaya, mkono wote unachunika. Karatasi iliyopasuka itupwe. Ile ya mkanda ina mshale ndani, ufuate. Waya uliochubuka haumalizwi kwa kuzungushiwa plasta, unapelekwa kwa fundi umeme. Mfuko wa vumbi umwagwe kabla haujafika nusu, na kila jioni hata kama ni kidogo. Mfuko uliojaa haunyonyi tena, na msumari mmoja uliosahauliwa katika ubao unatosha kutupa cheche ndani yake. Moto wa namna hiyo unawaka polepole, unaweza kuamka usiku wakati atelie imefungwa.

Juu ya maski: kitambaa cha mfukoni hakisaidii, hata kikilowanishwa. Tafuta maski yenye alama FFP2, funga mikanda yote miwili, bana chuma cha puani. Mwenye ndevu nyingi ajue kwamba hewa inapita pembeni. Maski ikijaa vumbi hata kupumua kunakuwa kazi, itupe, uombe nyingine magazeni.