Kurudi Ngomani Baada ya Upasuaji wa Kifundo cha Mguu

Mcheza ngoma wa Kigogo wilayani Manyoni huruka na kutua akiwa na njuga miguuni, juu ya ardhi isiyo sawa. Kifundo kilichovunjika na kuungwa kwa bamba na skrubu hakiwezi kuhimili kazi hiyo mapema. Mfupa kwa kawaida hushika baina ya wiki 6 na 12. Picha ya eksrei huthibitisha, na mgonjwa hudhani amepona. Nionavyo, hapo ndipo penye hatari. Picha haionyeshi misuli ya kigimbi iliyosinyaa, wala mishipa ya fahamu iliyomo katika kano, ambayo huujulisha ubongo jinsi mguu ulivyokaa. Bila taarifa hiyo mchezaji huteguka tena kwa urahisi, nayo hurejeshwa kwa mazoezi: kusimama kwa mguu mmoja, kwanza macho yakiwa wazi, kisha yamefumbwa, kunyanyua kisigino mpaka idadi ilingane na ya mguu mzima. Kuruka hufuata, aghalabu baada ya miezi 3 au 4, na kwanza pasipo njuga. Uvimbe wa jioni huweza kudumu miezi kadhaa. Lakini kigimbi kikivimba ghafla na kuuma, au kidonda kikitoa usaha, mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo.