Chuo Kilichozaliwa Katika Vita

Mwaka 1574 mji wa Leiden katika Uholanzi ulizingirwa na majeshi ya Mfalme Philip wa Hispania, kwa kuwa Waholanzi walikuwa wamemwasi. Chakula kilikwisha, na maelfu ya watu wakafa kwa njaa na tauni. Ndipo Waholanzi walipozitoboa kuta za udongo zizuiazo bahari. Maji yakafunika mashamba, na mashua zikapita juu yake hata zikaufikia mji tarehe 3 Oktoba, zikileta mikate na samaki.

Baada ya dhiki hiyo mtu angedhani watu watataka ghala na ngome tu. Lakini kiongozi wao, William wa Orange, alishauri kianzishwe chuo kikuu, nacho kikafunguliwa tarehe 8 Februari 1575, vita ingali ikiendelea. Kwa nini? Kwa sababu nchi ilihitaji mahakimu, matabibu na wahubiri wake yenyewe, wala haikupenda vijana wake wakasome katika miji iliyotawaliwa na adui.

Masomo yalifundishwa kwa Kilatini. Wataalamu wake walifuata njia ya wahumanisti, yaani wapenzi wa maandiko ya kale ya Wayunani na Warumi. Kanuni yao ilikuwa hii: usikubali neno kwa kuwa limezoeleka, soma kitabu kwa lugha yake ya asili, linganisha nakala na nakala, upate kujua lipi ni la mtungaji na lipi ni kosa la mwandishi. Mwaka 1593 alifika Joseph Scaliger kutoka Ufaransa, naye hakulazimishwa kufundisha hadharani, bali kuchunguza na kuwaongoza vijana wachache hodari. Mmoja wao alikuwa Hugo Grotius, aliyeingia chuoni akiwa na umri wa miaka 11, na baadaye akaandika juu ya sheria za vita na amani. Mwaka 1613 Thomas Erpenius alichapisha sarufi ya Kiarabu iliyotumiwa Ulaya kwa muda mrefu.

Hata hivyo mlango ule haukuwa wazi kwa wote. Wasichana hawakuandikishwa, na mtoto wa maskini asiyejua Kilatini alibaki nje. Basi mji uliofunguliwa kwa maji ulikuwa bado na kuta nyingine za kutobolewa. Nazo zilichukua karne nyingi zaidi.