Wakalimani Waliosahauliwa: Lugha katika Historia ya Makanisa ya Nchi ya Chai

Utangulizi

Historia ya kanisa la mashambani aghalabu huanza na kuwasili kwa mmisionari na kuishia kwenye orodha ya wachungaji. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba masimulizi ya namna hiyo huwaacha nje wenyeji waliolitoa neno lililohubiriwa. Tutarejelea misheni kongwe katika nchi ya Wakipsigis, kisha tuwaangalie Wabaptisti waliokuja baadaye.

Kutoka Ukambani hadi Lumbwa

Willis Hotchkiss, Mmarekani wa madhehebu ya Kwekeri, alifika Afrika Mashariki mwaka 1895 pamoja na kundi la Peter Cameron Scott lililoanzisha Africa Inland Mission huko Nzaui, Ukambani. Katika maandishi yake, anaeleza jinsi alivyohangaika kwa zaidi ya miaka miwili akitafuta neno la Kikamba la kueleza wokovu. Hatimaye alilisikia kutoka kwa Mkamba aitwaye Kikuvi, aliyekuwa akisimulia jinsi alivyomnusuru mmisionari mmoja kutoka kwa mnyama mkali. Kitenzi hicho kilikuwa katika kauli ya kutendwa; Hotchkiss akakigeuza kuwa cha kutenda, akapata alichokitafuta. Ni dhahiri basi kwamba mwalimu katika tukio hilo alikuwa Kikuvi.

Mwaka 1902 Hotchkiss, akiwa na Edgar Hole na Arthur Chilson, alianzisha misheni ya Kaimosi. Mwaka 1905 alihamia kwa Wakipsigis na kuanzisha Lumbwa Industrial Mission. Hata jina la misheni hiyo lina funzo: 'Lumbwa' si jina ambalo Wakipsigis walijiita, bali ni jina walilopachikwa na wengine. Mwaka huohuo, jeshi la Waingereza liliwashambulia watu wa Sotik, likaua wengi na kuteka mifugo yao. Injili iliingia katika nchi iliyokuwa na majeraha, na aliyeitafsiri alibeba mzigo wa kuaminiwa na pande mbili. Katika miaka ya 1930, kazi hiyo ilipokewa na wamisionari wa shirika ambalo leo huitwa World Gospel Mission, wenye kituo chao Tenwek karibu na mji wa Bomet. Africa Gospel Church ni zao la kazi hiyo.

Chai na Kiswahili

Kuanzia miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilifungua mashamba makubwa ya chai Kericho. Yalivuta vibarua Waluo, Wagusii, Waluhya na wengineo. Katika kambi zao, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuunganisha. Hivyo, mhubiri wa pembezoni mwa mashamba hayo alihitaji lugha mbili: Kikipsigis kwa wenyeji na Kiswahili kwa mkusanyiko mseto.

Wabaptisti na neno 'batiza'

Chimbuko la Wabaptisti ni kundi la Waingereza waliokuwa uhamishoni Amsterdam mwaka 1609, wakiongozwa na John Smyth. Wamisionari wa Southern Baptist kutoka Marekani waliingia Kenya mwaka 1956. Kwa hiyo, kanisa lililotokana na kazi yao katika nchi ya chai, hata likiitwa la kale, ni dogo kwa misheni ya Lumbwa kwa nusu karne au zaidi.

Wabaptisti humbatiza aliyekwisha kuamini tu, tena kwa kumzamisha majini. Hapa ndipo mkalimani alipokabiliwa na tatizo. Kitenzi 'batiza' ni cha mkopo. Kimezoea sarufi yetu na kunyambulika vizuri: batizwa, ubatizo, mbatizaji. Lakini hakifichui namna ya tendo lenyewe. Asili yake ya Kigiriki ina maana ya kuchovya au kuzamisha, ilhali kwa Waswahili 'kubatiza' hujumuisha pia kumnyunyizia mtoto maji. Ili fundisho lieleweke, sharti litumike neno jingine la kuelezea, yaani 'zamisha'.

Hitimisho

Boito, katika eneo la Konoin, Kaunti ya Bomet, imo ndani ya nchi hii ya chai. Mwanafunzi wa Kiswahili atokaye huko asitosheke na mwaka uliochongwa ukutani mwa kanisa. Awaulize wazee: Nani alitafsiri mahubiri ya kwanza? Alitumia lugha gani? Neno gani lilizua ubishi? Majibu hayo hayamo katika ripoti za misheni, na wanaoyakumbuka wanapungua. Kuyanakili ni wajibu wa isimu na wa historia kwa pamoja.