Dawa ya Baridi Yabisi Inapoacha Kufanya Kazi

Huenda nyumbani kwenu yupo mama ambaye kila alfajiri hawezi kushika mpini wa jembe. Vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na mpaka kufika saa nne asubuhi ndipo vinaanza kulegea. Alipewa dawa hospitalini, akapata nafuu, akarudi shambani. Baada ya mwaka mmoja maumivu yamerudi, ingawa dawa bado anakunywa. Sasa jamaa wamegawanyika: mmoja asema aache dawa, mwingine asema apelekwe kwa mganga, wa tatu amekwisha kununua vidonge vingine dukani. Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo hilo.

Ugonjwa huu ni nini?

Watu huita baridi yabisi maumivu mengi ya viungo. Hapa tunazungumzia aina moja, ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vya mwili huohuo. Ni kama sungusungu waliowekwa kulinda kijiji, kisha wakaanza kuwapiga wenye nyumba. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Hauambukizwi, wala mgonjwa hakulogwa. Usipotulizwa, hula gegedu na mfupa, na hakuna dawa ya kurudisha mfupa uliokwisha kuliwa. Kwa hiyo kila mwezi unaopotea una gharama yake.

Dawa ya kwanza

Mara nyingi matibabu huanza na vidonge vya methotreksati. Dawa hii hunywewa siku moja tu kwa juma; kuinywa kila siku kunaweza kuua. Mgonjwa hupewa pia foliki asidi ili kupunguza madhara, na hupimwa damu na ini mara kwa mara. Mjamzito, au anayetazamia kupata mimba, haruhusiwi kuitumia, na pombe iachwe kwa ajili ya ini. Dawa hii haina haraka: huchukua majuma 6 hadi 12 kuonyesha nguvu yake.

Kanuni ya madaktari ni hii: ifikapo miezi 3 nafuu iwe imeonekana wazi, na ifikapo miezi 6 ugonjwa uwe umetulia. Isipokuwa hivyo, matibabu yaangaliwe upya.

Je, kweli dawa imeshindwa?

Kabla ya kubadilisha, tunamwuliza mgonjwa maswali, naye asiogope kusema ukweli:

1. Je, umekunywa dawa kila juma bila kuruka? Nauli ikikosekana, au dawa ikiisha wakati wa palizi, tuambie. Hatutakugombeza.

2. Je, muda umetosha? Anayeacha baada ya majuma matatu hajaijaribu dawa bado.

3. Je, maumivu haya ni ya ugonjwa uleule? Goti lililochakaa kwa uzee, au kiungo kilichoharibika zamani, huuma hata kama kinga imetulia. Kiungo kimoja kikivimba ghafla pamoja na homa, huenda kimeingia usaha. Hapo mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Majibu yakionyesha kwamba dawa ilitumiwa vizuri na bado viungo vimevimba, basi kweli imeshindwa, na wakati wa kubadilisha umefika.

Kubadilisha kwa utaratibu

Kwanza daktari anaweza kuongeza kipimo cha methotreksati. Kisha anaweza kuichanganya na vidonge vingine viwili, salfasalazini na haidroksiklorokwini. Msidharau vidonge hivi kwa sababu ni vya siku nyingi. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 353 ambao methotreksati peke yake haikuwatosha. Nusu yao walipewa mchanganyiko wa vidonge hivyo vitatu, nusu wakaongezewa sindano ya bei kubwa iitwayo etanersepti. Nafuu ya makundi hayo mawili ilikaribiana. Waliokosa nafuu kwa majuma 24 walibadilishiwa matibabu, wa kundi hili wakapewa ya kundi lile, na pande zote mbili walipata unafuu baada ya kubadilishiwa.

Sindano hizo huitwa dawa za kibiolojia, maana hutengenezwa kwa kutumia chembe hai. Zilianza kuruhusiwa mwaka 1998, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza mojawapo, adalimumabu, katika orodha ya dawa muhimu. Hutazikuta katika zahanati ya kijiji. Ni ghali, na zahitaji kukaa kwenye jokofu.

Hata hizo huweza kuacha kufanya kazi. Wakati mwingine mwili huiona sindano kuwa mgeni na kutengeneza silaha za kuipinga. Ndiyo sababu mara nyingi hutolewa pamoja na methotreksati. Ikishindwa, daktari huweza kuchagua nyingine inayofanana nayo, au yenye njia tofauti, kama rituksimabu.

Tahadhari kubwa kwetu ni kifua kikuu. Tangu mwaka 2001 imejulikana kwamba baadhi ya sindano hizi huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Hivyo mgonjwa hupimwa kifua kikuu kwanza, pamoja na homa ya ini aina ya B. Kikohozi cha majuma mawili, homa au kukonda visifichwe.

Vidonge vya dukani

Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Marekani alimpa mgonjwa wa viungo kotisoni, na baada ya siku chache mama aliyekuwa hawezi kutembea akatembea. Dunia ilishangilia, mpaka madhara yalipoanza kuonekana. Prednisoloni ni ya ukoo huo. Kwa muda mfupi, chini ya uangalizi, husaidia sana. Ikinywewa miezi mingi bila kupimwa, huvimbisha uso, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na hulainisha mifupa. Na aliyeizoea asiikate ghafla, kwani anaweza kuzimia na hata kufa. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Familia ifanye nini?

Andikeni siku ya juma ya kunywa dawa, na mtu mmoja nyumbani akumbushe. Mwendapo hospitali, chukueni dawa zote, hata za dukani na za miti shamba. Mweleze daktari asubuhi ugumu wa viungo hudumu muda gani na vidole vingapi vimevimba. Mkipewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, ulizeni kwanza kama bima yenu inalipia, na msiache dawa ya zamani mpaka daktari aseme. Mama huyo akishindwa kufunga vifungo vya gauni lake, msingoje mavuno yaishe. Mpelekeni juma hilohilo.